Jengo letu lilipiga kura kuzuia BnB (fleti za kukodisha wageni kwa siku), mbona funguo bado zinaning'inia kwenye ngazi?

Wadau, nimechoka. Jumamosi saa tisa usiku kuna mtu alikuwa akitingisha kitasa cha mlango wangu. Nikachungulia kwenye kitundu: vijana wanne na mabegi ya magurudumu, mmoja ameshika chupa, mwingine anasoma simu kwa sauti, "ghorofa ya saba, mlango wa kushoto." Mimi niko ya sita. Binti yangu wa miaka minane alikuwa nyuma yangu, ameng'ang'ania dera langu.

Hapa ni Kilimani, Nairobi, na fleti hii nimeinunua, mkopo bado nalipa. Mwaka jana tulikaa kikao tukapiga kura: hakuna kupangisha kwa muda usiofika mwezi. Sheria ya 2020 kuhusu hatimiliki za fleti inatupa wenye nyumba nguvu ya kujiwekea kanuni, kwa hiyo hatukubuni kitu. Karatasi ikabandikwa karibu na lifti, na mpaka leo ipo. Hatua tatu kutoka hapo, kwenye vyuma vya ngazi, vimefungwa visanduku vitano vya funguo vyenye namba za siri. Nimevihesabu leo asubuhi.

Nani atekeleze? Mwenyekiti wa kamati mwenyewe ana fleti tatu za BnB humu humu! Soja wa getini anapokea wageni na kuwapandishia mizigo, anapewa mia mbili, na kwa mshahara ule simlaumu. Nilifungua kitabu cha getini nikakuta mstari mmoja tu wa usiku ule: "Brian + 3". Hakuna namba ya kitambulisho, hakuna nambari ya nyumba. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa katika nyumba za kukodi kwa siku hapa Nairobi, wiki mbili hazijaisha kati yao. Tuliandamana. Tukaambiwa kila BnB itasajiliwa, na Sheria ya Utalii ya 2011 tayari inataka leseni kwa anayefanya biashara ya malazi. Basi huyo Brian ni nani, na angefanya jambo tungemtafuta wapi?

Maji nayo. Kisima ni kimoja na ada tunalipa sawa kwa sawa. Watu sita wakijazana kwenye vyumba viwili wikendi nzima, Jumapili jioni mifereji imekauka na tunachangishana lori la maji.

Najua wenye BnB mtaniambia, "nyumba yangu, mkopo wangu." Wengine wenu ni marafiki zangu. Lakini hata mimi nina mkopo, na nilinunua mahali pa kulea mtoto.

Kule New York, tangu Septemba 2023, anayepangisha kwa siku zisizofika 30 lazima ajisajili na jiji, awe anaishi humo na wageni wake, nao wasizidi wawili. Mtandao wa kukodishia nyumba ukipitisha malipo ya asiyesajiliwa, unatozwa faini. Hapo ndipo pa kukaba: kwenye malipo. Sisi tumemwachia soja na karatasi ya lifti.

Kesho napeleka barua kaunti, pamoja na picha za visanduku vyote vitano. Kama kuna jengo lililofaulu kuwatoa wenye BnB, tafadhali nielezeni: mlianzia kwa nani, na mlifanyaje pale mwenyekiti alipokuwa mmoja wao?