Jedwali la rejea la kusawazisha majina ya bidhaa kwenye oda za wateja

Swali (Mwanza)

Habari zenu wanajukwaa. Ninasimamia upokeaji wa oda katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, na wateja wetu wengi ni wenye maduka ya rejareja wanaotuma oda kwa WhatsApp, kwa barua pepe au kwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Kila mmoja anaita bidhaa kwa jina alilolizoea: nondo ileile inaandikwa "nondo 12", "nondo mm 12", "nondo nusu inchi" au "D12", na ripoti ya mwisho wa mwezi inaionyesha kama bidhaa nne. Nimetengeneza jedwali la rejea kwenye Excel, safu ya kwanza ikiwa na jina la mteja na ya pili jina letu rasmi, kisha natumia VLOOKUP, fomula ya Excel inayotafuta neno kwenye jedwali na kuleta kilicho kando yake. Hata hivyo, baadhi ya majina ninayoyaona wazi kwenye jedwali yanarudisha #N/A, yaani "halikupatikana", na mengine yanarudisha bidhaa isiyohusika kabisa. Naomba pia ushauri kuhusu vipimo, maana "katoni", "bando" na "galoni" vinatusumbua kuliko majina yenyewe.

Jibu la kwanza

Ndugu, hizo ni kasoro mbili zenye vyanzo tofauti. Bidhaa isiyohusika hutokea pale sehemu ya nne ya VLOOKUP inapoachwa wazi, kwa sababu usipoandika FALSE, Excel huchukulia kwamba jedwali limepangwa kialfabeti na kwamba utaridhika na jibu la karibu. XLOOKUP, fomula mpya zaidi ya kazi hiyohiyo inayopatikana kuanzia Excel 2021 na kwenye Microsoft 365, hutafuta jina lilelile bila kuagizwa.

#N/A mara nyingi husababishwa na nafasi zisizoonekana. TRIM huondoa nafasi za kawaida zilizozidi, lakini haigusi ile nafasi maalumu, CHAR(160), inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye barua pepe au tovuti. Safisha kwanza namna hii, ndipo utafute:

=TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," "))

Liko jambo jingine ambalo wauza mbao hawana budi kuliangalia. Mteja akiandika "mbao 2*4", VLOOKUP huisoma nyota hiyo kama "herufi zozote", hata ukiwa umeweka FALSE, kwa hiyo inaweza kukuletea "mbao 2x6 futi 14" ikiwa ndiyo inayotangulia kwenye orodha. Badilisha nyota kuwa herufi x katika hatua ileile ya kusafisha, lakini itangulize alama ya ~ pale tu unapotumia kisanduku cha Tafuta na Badilisha. Kwenye fomula ya SUBSTITUTE nyota yenyewe inatosha.

Jibu la pili

Niongezee kuhusu vipimo, kwa kuwa hapo ndipo fedha hupotea. Usitengeneze jedwali linalosema "katoni = 24", kwa sababu katoni haina ukubwa wake yenyewe; ukubwa wake unatokana na bidhaa iliyomo. Jedwali la vipimo litafutwe kwa msimbo wa bidhaa na kipimo vikiwa pamoja. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546 na ya Marekani ni lita 3.785, lakini mteja wako anayeagiza "galoni moja ya rangi" anataka kopo la lita 4, na hilo ndilo liandikwe kwenye mstari wa rangi.

Nondo nazo zinaagizwa kwa pisi na kwa tani. Nondo ya mm 12 ina takriban kilo 0.888 kwa mita, hivyo yenye urefu wa mita 12 inafika kilo 10.66, na tani moja inakuwa na nondo kama 94. Ukiwa na mstari mmoja wa pisi na mwingine wa tani, vyote vikielekea kwenye pisi, mwenye stoo hatahitaji kikokotoo. Kama mnafikiria kubadilishana oda kielektroniki na kampuni kubwa, tumieni tangu sasa misimbo ya vipimo ya Umoja wa Mataifa, yaani KGM kwa kilo, LTR kwa lita, MTR kwa mita na H87 kwa pisi.

Jibu la tatu

Nakubaliana na waliotangulia, ila nasisitiza kwamba yapo maneno ambayo hayapaswi kuingizwa kwenye jedwali hata kidogo. "Bati 30" linaweza kuwa bati la geji (kipimo cha unene) 30 au bati thelathini za geji yoyote, na jedwali likilazimishwa kujibu litajibu kwa kubahatisha. Neno la namna hiyo liangukie kwenye orodha ya kusubiri, na mtu ampigie mteja simu kabla mzigo haujapakiwa.

Vilevile ongeza safu ya mteja. "Saruji ya kawaida" kwa duka moja ni ya daraja la nguvu 32.5 na kwa jingine ni 42.5, na wote wawili wako sahihi kwa mazoea yao. Fomula itafute kwanza mstari wa mteja huyo, isipoupata ndipo iende kwenye mistari ya jumla. Maneno ya mteja kama alivyoyaandika yabaki kwenye safu yake, yasifutwe na jina rasmi, kwa sababu siku mzigo utakaporudishwa, hayo ndiyo mtakayoyasoma pamoja.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Nyota kwenye mbao ndiyo iliyokuwa ikituletea futi 14, nimeihakiki sasa hivi. Safu ya mteja nitaanza nayo kwenye saruji, kisha mabati.