Form six mwenye Division One: aanzie JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) miaka miwili ndio aifikirie Monduli (chuo cha maofisa wa jeshi), au jeshi limchukue moja kwa moja?

Mkazi_wa_Temeke
Wakuu habari za asubuhi. Mdogo wangu kamaliza form six PCM, kapata one ya pointi 7, na tangu yupo shule ya msingi anataka uofisa, ukimtajia uinjinia anaondoka sebuleni. Sasa tangazo la JWTZ, yaani jeshi lenyewe la ulinzi, kila likitoka wanataka cheti cha JKT na umri usizidi 24 kwa hawa wa sekondari. Maana yake akajitolee miaka miwili, alime, alinde, asubiri kuchaguliwa, na akichaguliwa anaanza ukuruta kama wengine ndio baadaye waangalie nani apelekwe Monduli. Kwa nini asiombe ukadeti moja kwa moja, afanyiwe usaili, na huo ugumu akaukute hukohuko Monduli? Tunapoteza vichwa. Na hawa wa mujibu wa sheria, wanaopangiwa JKT miezi mitatu wakimaliza form six bila kujitolea, mi siwahesabu kabisa, ile ni kwenda kupiga picha na kombati.

BintiMngoni
Kupiga picha? Mi nimeenda mujibu wa sheria, kambi sitaitaja. Buti nilizopewa namba 9, mimi navaa 6, nikajaza matambara ndani. Siku ya nne navua soksi usiku ngozi ya kisigino imebaki kwenye soksi. Saa kumi alfajiri filimbi, mchakamchaka, ukitoka hapo jembe. Simu wamekusanya siku ya kwanza, hizo picha tulipiga na nini kaka? Usimtetee mdogo wako kwa kutudharau sisi.

Afande_Mstaafu
Dada yuko sahihi. Na wewe wa Temeke nakujibu: ofisa anaamrisha watu. Kijana mwenye nyota moja, luteni usu wa miaka 23, anakabidhiwa platuni yenye sajenti mwenye umri wa baba yake. Kama hajawahi kufyeka, kupigwa doso (adhabu za kijeshi) na kulala na njaa pamoja na hao watu, atawaelewaje? Halafu mnasahau tulikotoka. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, leo Lugalo, maofisa wengi wakiwa bado Waingereza. Mwalimu akalivunja lile jeshi, JWTZ likaanza Septemba 1964 kwa kuchukua vijana wa TANU Youth League na JKT. Hii habari ya kupitia JKT haijaanza jana.

Ngosha_wa_Magu
Mzee wangu shikamoo. Mbona Kikwete alimaliza chuo kikuu 1975 na uchumi wake, akapita Monduli, akastaafu luteni kanali 1992? Elimu kwanza, jeshi baadaye, na kafika mpaka Ikulu na kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Mwambie dogo asome digrii ndio aombe, wenye shahada wanaongezewa na umri kidogo.

Afande_Mstaafu
Marahaba. Ila enzi hizo msomi gani aliikwepa JKT? Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuikataa, Mwalimu akawarudisha nyumbani karibu 400. Usinitajie Kikwete ukaacha hiyo.

Ngosha_wa_Magu
Si ilikuja kufutwa na Mwinyi mwaka 90?

BintiMngoni
Ilisitishwa ile ya mujibu wa sheria, 1994, ikarudi 2013. JKT yenyewe haijawahi kufutwa, ipo tangu Julai 1963.

Mtoto_wa_Ilala
Mnaongea historia, mi naongea ndugu yangu. Kajitolea, kamaliza mkataba, karudi na cheti na mgongo unaomsumbua mpaka leo, anaendesha bodaboda. Tangazo lilitoka ana 25. Hiyo ndio haki? Mzee umeshakula pensheni yako unatuambia habari za kufyeka!

Afande_Mstaafu
Pensheni yangu nimeitolea jasho miaka 30 kijana, chunga mdomo. Ndugu yako namhurumia kwa dhati. Lakini JKT kila wakitangaza nafasi wanasema wazi hawaahidi ajira.

Mtoto_wa_Ilala
Wanasema hawaahidi, halafu jeshi halikuchukui bila cheti chao, na polisi na magereza mara nyingi ni hivyohivyo. Sasa kijana afanye nini? Mlango ni mmoja na anayeushika anasema hajakuahidi kitu. Wamtoe aliyejitolea kwenye hilo sharti la umri, miaka aliyokuwa kambini isihesabiwe. Hilo tu ndio naomba, sijasema JKT mbaya.

Mkazi_wa_Temeke
Hili la umri sikuwa nimeliwaza, Mtoto wa Ilala umenigusa. Dogo ana 20 sasa, akitoka kujitolea ana 22, matangazo mawili yakimpita ndio basi tena. Dada wa Kingoni naomba radhi kwa lile neno. Na dogo kapangiwa mujibu wa sheria, Bulombora Kigoma, na kagoma kwenda anataka asubiri nafasi za kujitolea kwa sababu mimi ndio nilimwambia mujibu ni utalii.

BintiMngoni
Yameisha kaka. Mpeleke. Akiikuta haiwezi atajua ndani ya miezi mitatu, kuliko kujua baada ya miaka miwili. Mnunulie shuka mbili za bluu bahari, bukta ya dark blue inayofika magotini, isiwe na zipu, tisheti ya kijani, raba ngumu na soksi nyeusi ndefu. Soksi chukua za pamba, jozi nne, usisikilize atakayekwambia mbili zinatosha. Na nauli ya kurudia ashone kwenye begi.