Flashi ya Linux: nipakue ISO mpya kila mara, au kuna njia nyengine?

Karafuu_Kavu (Wete): Assalaam alaykum wadau. Wiki ijayo insha'Allah napiga, yaani naweka, Ubuntu 24.04 (mfumo wa Linux) kwenye mashine za skuli. Flashi ina ISO (faili la kuwekea mfumo) ile ya mwanzo, ya Aprili 2024. Nikishapiga, kila mashine inadai apdeti chungu nzima. Nipakue ISO mpya, nihamie Debian (Linux nyengine), au nitengeneze ISO yangu, kwa programu ya Cubic, yenye apdeti ndani?

FundiDarajani: Waalaykum salaam. Yakhe, mashine ngapi? RAM? Intaneti ya waya au bando la simu? Hujasema kitu hapo.

Mzee_wa_Apt: Debian tu. Ile netinst, ISO yake ndogo, haifiki hata GB 1, na inavuta vifurushi vya programu vipya mtandaoni hapo hapo unapopiga. Ukimaliza huna cha kuapdeti. Ubuntu ni karibu GB 6 za kubeba.

BintiMkoani: Mzee, kwani bando analipa nani? Kila mashine itavuta desktop nzima kutoka mtandaoni. Na mpya si lazima iwe nzuri: Desemba 2023 hao hao Debian walilisitisha toleo la 12.3 kwa sababu kernel yake (kiini cha mfumo) iliweza kuharibu data kwenye diski za mpangilio wa ext4, wakaruka hadi 12.4.

Mzee_wa_Apt: Wakaruka kabla ISO zake hazijatoka. Huo ndio uangalifu.

Karafuu_Kavu: Samahani. Mashine 11, RAM GB 4. Bando la simu ya mwalimu mkuu. Kuna swichi ya zamani, waya zipo.

FundiDarajani: Basi sikiliza yaliyonikuta. Niliitwa ofisi moja hapa mjini, mashine 6, flashi yangu ya zamani. Nikapiga zote, nikaziacha zijiapdeti kwa hotspoti ya bosi. Kabla ya adhuhuri bando kwisha. Bosi kanunua jengine, usoni kanuna. Mara umeme ukakatika. Mashine mbili zilikuwa katikati ya kufungua vifurushi. Ziliporudi, kila ukigusa apt (ya kuvutia programu) inakwambia dpkg (ya kuziweka) ilikatizwa. `sudo dpkg --configure -a` ikaponya moja, ya pili nikaipiga upya. Nauli sikudai.

BintiMkoani: Pole. Karafuu, pakua ISO ya 24.04.3 (24.04 ile ile, ina apdeti za hadi Agosti 2025) mara moja tu. Kisha weka programu ya apt-cacher-ng kwenye mashine moja, nyengine zielekeze kwake kwa waya, bandari (port) 3142. Kifurushi kinashuka mtandaoni mara moja, kumi zilobaki zinakichukua humo. Cubic iache, kila apdeti mpya utajenga ISO upya.

FundiDarajani: Au anakili mafaili ya .deb (ndivyo vifurushi vyenyewe) kutoka /var/cache/apt/archives. Ila atumie apt-get; `apt` inazifuta ikishamaliza.

Chake_Linux: GB 4 na Ubuntu kamili? Mtawatesa watoto. Xubuntu, Ubuntu nyepesi.

Mzee_wa_Apt: Debian na desktop nyepesi ya XFCE.

Chake_Linux: Tulijua utasema. Karafuu, 24.04.3 ninayo, njoo Chake na flashi. Nitakuwekea Ventoy, ISO unaidondosha kama faili la kawaida. Siku nyengine unafuta ya zamani unaweka mpya.

Mzee_wa_Apt: Ventoy ina mafaili ndani hayajulikani yamejengwaje.

Chake_Linux: Mzee, ni skuli, si benki kuu. Karafuu, flashi ya ngapi?

Karafuu_Kavu: GB 8. Ila kaiazima mwalimu wa hesabu tangu Ijumaa, anatilia mitihani.

FundiDarajani: Keshaiformati huyo.