Kanimalizia LUKU kwa gari lake la umeme, halafu ananiuliza "umeme si uko ndani ya nyumba?"

MamaBigwa

Wakuu, sijalala. Naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimeruka nivumilieni.

Huyu mtu mnamjua. Jina sitaji, wasimamizi wasije wakanifungia, ila mnamjua. Ni yule yule wa gari jeupe la umeme, anayetuanzishia uzi kila wiki kwamba anayepanga foleni ya petroli ni mtu wa kale. Kumbe ujanja wote ule unaendeshwa na LUKU za watu!

Ijumaa kaja kwenye nyumba yangu ninayopangisha kwa siku hapa Moro, Bigwa. Siku mbili, 60,000 kwa usiku. Kafika saa kumi jioni kutoka Dar, gari liko hoi, asilimia 8. Salamu haijaisha mdomoni anauliza soketi iko wapi. Mimi nikajua simu! Nikamwonyesha ya jikoni. Mtu kachomoa friji, kapitisha waya dirishani, kaunga na ekstensheni ile ya kuviringisha, hata kuikunjua hakuikunjua, kaenda zake kuoga.

Mchana ule ule nilikuwa nimenunua umeme, nikaingiza yuniti 70 kwenye mita ya LUKU. Wageni wa kawaida hizo wanakaa nazo wiki mbili na kiyoyozi juu. Jumamosi saa mbili usiku simu inaita. "Dada, umeme umeisha huku. Ongeza haraka, gari limefika asilimia 91."

Asilimia 91! Yuniti zangu zimeshuka kama lori lililokata breki Kitonga, na mtu ananitangazia mavuno!

Nikamwambia kaka yangu, hizo yuniti umezila wewe na gari lako, nunua nyingine. Ndipo akanijibu, na someni polepole: "Dada, mimi nimelipia nyumba. Umeme si uko ndani ya nyumba?"

Umeme si uko ndani ya nyumba?

Na magodoro je, hayamo ndani ya nyumba? Mbona hakufunga manne juu ya gari akaondoka nayo? Gesi imo ndani, angekuja na mitungi yake sita ajaze? Maji yamo, angeleta boza?

Nyumba ile yuniti moja ni shilingi 356 pamoja na makato. Gari lake peke yake halijanywa chini ya 55, karibu 20,000 hiyo, theluthi ya usiku mmoja. Nyumbani kwangu, mimi na watoto wanne, tuko kwenye bei ya 122 kwa sababu mwezi mzima hatuvuki yuniti 75. MWEZI MZIMA. Pasi tunapiga Jumapili jioni tu, nguo zote kwa mkupuo, na taa ya ukumbini nazima kwa mkono wangu. Yeye kwa siku moja na ushee kalilisha bati lenye matairi chakula cha mwezi cha watu watano, halafu anauliza umeme si uko ndani ya nyumba.

Niliongeza. Ndiyo, niliongeza, kwa sababu nikimwacha gizani ataniharibia jina. Jumapili kaondoka bila kuaga. Soketi imeyeyuka pembeni, nyeusi kama kisigino cha mchoma mkaa. Friji hakulirudisha kwenye umeme, nyama niliyoihifadhi mle inanuka mpaka kwa jirani. Saa nne nafungua ile programu ya wageni, nyota mbili: "Nyumba nzuri ila umeme wa shida."

UMEME WA SHIDA. Aliyeumaliza nani?

Kibajaji_cha_Kihonda

Mleta mada, gari limekuja asilimia 8, linaitwa gari la umeme, wewe ukamwonyesha soketi. Ulidhani limekuja kunyonya?

MamaBigwa

Nimesema nilidhani ni simu. Na wewe hujasoma alichonijibu. Rudi juu usome.

Fundi Nyaya

Dada, pole. Shukuru nyumba ipo. Ekstensheni ya kuviringisha ikitumika bila kukunjuliwa inajipika yenyewe, joto halina pa kutokea. Na soketi hizi zetu za ampia 13 hazikuwekwa kwa ajili ya mzigo wa saa 28 mfululizo. Birika linachemsha dakika tano linazima, gari haliachi. Hapo soketi ikiwa imelegea kidogo tu inaanza kuyeyuka, kama hivyo ulivyoona.

Ukitaka kupokea hawa watu, vuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, na breka yake, soketi iwe nje penye kivuli. Ukiweka ile chaja ya ukutani ya ampia 32, waya uwe wa milimita 6 za mraba. Halafu funga submita. Mgeni akifika mnasoma pamoja, akiondoka mnasoma pamoja, anatuma pesa kabla hajawasha gari.

MamaBigwa

Fundi, asante, ila kaka yangu hujanielewa. Mimi naongelea mdomo. Mtu mzima, mwenye gari la mamilioni, ananiambia mimi umeme si uko ndani ya nyumba.

Mpwa wa Msamvu

😂😂😂 Angekuja na treni ya SGR. Nauli Dar–Moro 13,000, nayo ni ya umeme, na haikuja kuchaji kwako.

Tetere

Namjua jamaa. Mwezi wa tatu alichomeka msibani. Turubai liko upande huu, waya uko upande ule, spika zikazima shehe anasoma dua.

Kibajaji_cha_Kihonda

Tetere, chai hiyo.

Tetere

Nilikuwepo! Nilikuwa nimeshika maiki!

Mlipa Kodi

Niseme ukweli mtanichukia. Kwenye tangazo la nyumba yako uliandika gari halichajiwi? Hukuandika. Uliandika "umeme na maji bure", nimelifungua sasa hivi. Jamaa yuko sahihi.

MamaBigwa

Bure ya BINADAMU! Taa, feni, tivii, simu! Nilipoandika "maji bure" nilimaanisha na kunyweshea ng'ombe?

Mlipa Kodi

Badilisha tangazo, dada. Hasira hazisomeki kwenye mkataba.

StimaImepotea

Pole dada, nawasalimia kutoka Nairobi. Huku tangu 2023 kuna bei ya stima ya magari pekee, shilingi 16 za Kenya kwa yuniti na usiku 8, kodi bado. Lakini ni kwa mwenye mita yake ya kuchajia. Mgeni wangu alisikia hiyo 8 kwa redio, akachaji kwa mita yangu ya nyumba, akanitumia shilingi 80 kwa simu akiniambia "keep the change". Tokeni zote za wiki zimeenda.

Kibajaji_cha_Kihonda

Angalau wako alituma kitu.

Mtoto wa Pwani Ughaibuni

Niko Norwei. Huku mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Haya mambo yameshaisha. Ukipanga nyumba ya siku mbili unakuta imeandikwa mlangoni, kuchaji ni hela kadhaa kwa yuniti, na soketi ya jikoni ni marufuku.

Mpwa wa Msamvu

Mjomba wa Norwei, nauli ya kuja huko sh. ngapi?

Bi Mkora wa Mabibo

Mnalia na mgeni wa siku mbili? Mimi naishi na wapangaji saba, LUKU moja, tunachanga 10,000 kila mlango. Dirisha la tatu kuna dada anapika maharage kwa jiko la umeme kuanzia asubuhi, anasema gesi inampa mafua. Wakati wa kuchanga anaugua.

Tetere

Afadhali maharage. Kwetu kijana wa chumba cha uani kafungua saluni kimyakimya. Dreya tatu! Sisi tunajua ana wadada wengi tu.

Kibajaji_cha_Kihonda

😂😂😂😂

MamaBigwa

Jamani turudi kwenye mada. Nyota mbili zile nazitoaje? Na soketi nani analipa? Nimempigia mara nne hapokei, na najua yuko humu anasoma.

Fundi Nyaya

Bi Mkora, kila chumba kifungiwe submita yake. Inbox.

Bi Mkora wa Mabibo

Fundi, mwenye nyumba hataki. Kwa sababu pampu ya kisima chake iko kwenye LUKU yetu! Anajaza simtanki mbili, anauzia mtaa ndoo moja shilingi 100, umeme tunalipa sisi.

Mlipa Kodi

Hiyo sasa ni kesi. Nenda serikali ya mtaa.

Bi Mkora wa Mabibo

Mwenye nyumba ndiye mjumbe.

Mpwa wa Msamvu

Mungu wangu.

Fundi Nyaya

Hiyo pampu ni ya hospawa ngapi?