Ninunue Galaxy A55 sasa, au ningoje toleo la Machi?

Mshonaji wa Moro, 4 Februari 2025

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni mshonaji wa nguo hapa Morogoro mjini, na karibu kazi yangu yote inapita kwenye simu: mteja ananitumia picha ya mshono kwa WhatsApp, ninampigia picha kitambaa dukani kabla sijakinunua, naye ananilipa kwa M-Pesa. Simu ninayoitumia niliinunua mwaka 2020, na masasisho yake ya mwisho yalifika mwaka 2023. Tangu Desemba chaji ikifika asilimia 30 inazima ghafla, hasa nikifungua kamera, na mgongo wake umeanza kubanduka upande wa kitufe cha kuwashia hata ukucha unapita. Nimeufunga kwa lastiki, ile ile ninayotia kwenye viuno vya sketi, ili usiachie.

Nimeweka akiba ya kununua Samsung Galaxy A55 yenye GB 128, ambayo dukani nimetajiwa shilingi 950,000. Kinachonizuia ni kalenda. A53 ilitangazwa Machi 2022, A54 Machi 2023 na A55 Machi 2024, kwa hiyo sioni kwa nini Machi ya mwaka huu ipite bila toleo jingine. Naogopa kutoa akiba ya miezi minane, halafu baada ya wiki nne bei ishuke nikiwa nimekwisha kulipa. Upande mwingine Ramadhani inakaribia, na wateja wa nguo za Idi hawana subira. Naomba ushauri wa watu waliowahi kulipigia hesabu jambo hili.

Fundi Simu KK, 4 Februari 2025

Dada, kabla hatujafika kwenye A55 na mwenzake ajaye, naomba tuzungumzie hiyo lastiki. Mgongo wa simu haubanduki wenyewe. Betri ya lithiamu ikichakaa au ikiharibika, kemikali zilizomo huvunjika na kutoa gesi, na kwa kuwa gesi hiyo haina pa kutokea, betri huvimba na kusukuma kifuniko. Ukikifunga kwa nguvu, unaibana betri ambayo tayari ina shida, na tabaka zake za ndani zikigusana inaweza kushika moto. Tafadhali ifungue lastiki leo hii, izime simu, usiichaji tena, na uipeleke kwa fundi.

Huko kuzima kwenye asilimia 30 ni ugonjwa uleule. Kamera inapofunguka simu huhitaji umeme mwingi kwa mkupuo. Betri iliyochoka haiwezi kuutoa, volti zinashuka, na simu inajizima ingawa kioo kinasema chaji bado ipo. Watu wengi huiona hali hiyo wakadhani simu nzima imekwisha, kumbe kilichokwisha ni betri peke yake. Hapa Kariakoo betri ya simu ya rika hilo, pamoja na ufundi, mimi huiweka kwa shilingi 35,000 hadi 45,000 kutegemea aina.

Nimelitanguliza hili kwa sababu ndilo linaloamua swali lako. Ukibadilisha betri unaweza kungoja Machi bila hofu, na baadaye simu hiyo itakufaa kama ya akiba. Usipobadilisha, basi nunua simu nyingine leo, iwe ya toleo lolote.

Mhasibu wa Dodoma, 5 Februari 2025

Naunga mkono ushauri wa Fundi, na kwangu mimi dada angoje, lakini si kwa ajili ya kamera wala rangi mpya. Wengi hatujui kwamba miaka ya masasisho ya usalama huanza kuhesabiwa tangu toleo lilipoingia sokoni, na siku wewe ulipoitoa simu dukani haihusiki. A55 iliahidiwa miaka mitano ya masasisho ya usalama kuanzia 2024, maana yake itafika 2029. Ukiinunua leo umebakiwa na miaka minne, na ukiinunua mwakani utabakiwa na mitatu, hata kama boksi halijawahi kufunguliwa.

Kwa mtu anayepokea malipo ya wateja kwenye simu hiyohiyo, jambo hili ni zito. Masasisho ya usalama ndiyo yanayoziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyatumia, na simu yako ya sasa haijazibwa tundu lolote tangu 2023. Ndiyo maana mimi hugawanya bei ya simu kwa miaka ya usalama iliyobaki. Shilingi 950,000 kwa miaka minne ni shilingi 237,500 kila mwaka.

Kuna sababu ya kutarajia kwamba toleo jipya litakuja na miaka mingi zaidi. Google ilianza kutoa miaka saba kwa simu yake ya Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024. Mambo ya simu za bei ya juu huchukua muda mfupi tu kushuka hadi kwenye simu za bei ya kati. Kama Machi haitaleta lolote, hutakuwa umepoteza zaidi ya gharama ya betri.

Baba Wawili, Tanga, 5 Februari 2025

Mimi nina mawazo tofauti, na nayatoa kwa sababu yalinigharimu. Mwaka 2022 niliamua kungoja toleo la mwezi uliofuata. Lilipotoka nikasikia kwamba linalofuata litakuwa bora zaidi, nikangoja tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo: simu yangu ilikufa kabisa wiki ambayo binti yangu alikuwa akihitaji kujaza maombi ya chuo, nikakimbilia duka la kwanza nililoliona na kununua simu iliyotumika kwa bei ambayo sikupata hata nafasi ya kuijadili. Baada ya miezi mitatu kioo kilianza kuonyesha mistari.

Tena tusidanganyane kuhusu bei kushuka. Mwenye duka aliyenunua mzigo wake kwa bei ya zamani hawezi kuishusha siku ile ile toleo jipya linapotangazwa huko Ulaya, na simu zetu zinaagizwa kwa dola, hivyo shilingi ikiteleza kidogo punguzo lote linamezwa. Dada, ukiamua kungoja, jiwekee tarehe ya mwisho na uiandike kwenye daftari lako la vipimo. Tarehe hiyo ikifika, nunua iliyopo.

Na siku utakayonunua, bonyeza *#06# ukiwa bado dukani, linganisha namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, na ile iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili uone kama jina la simu linalorudi ndilo uliloliona mezani. Tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia nchini, na nakumbuka watu wengi walivyobaki na vifaa visivyoshika mtandao.

Mshonaji wa Moro, 15 Machi 2025

Ndugu zangu, nimerudi kuwapa majibu kama nilivyoahidi moyoni. Lastiki niliifungua usiku uleule. Kesho yake fundi wa hapa Moro aliitoa betri, na nilipoiona imetuna katikati mithili ya mto wa pini niliotia pamba nyingi, nilishukuru kwamba niliuliza. Nililipa 40,000, simu haikuzima tena, na kwenye daftari niliandika tarehe 15 Machi.

Toleo jipya, A56, lilitangazwa tarehe 2 Machi. Mhasibu alikuwa sahihi: limepewa miaka sita ya masasisho, na chaji yake ni wati 45 badala ya 25 za A55. Lakini halina nafasi ya kuweka kadi ya kumbukumbu, na A55 inayo. Kadi yangu ina picha zaidi ya elfu kumi na moja za mishono, zimepangwa kwa majina ya wateja. Mteja akija kusema anataka kama ile ya harusi ya dada yake miaka mitatu iliyopita, mimi huifungua mbele yake.

Baba Wawili naye alikuwa sahihi kwa kiasi chake. Duka la kwanza bado lilikuwa linataja 950,000, la pili vilevile, la tatu likashuka hadi 830,000. A56 hapa nimetajiwa 1,150,000. Nilipogawanya kama nilivyofundishwa, A55 ikawa shilingi 207,500 kwa mwaka na A56 kama 191,700. Kwa hesabu ya miaka, jipya limeshinda. Hata hivyo tofauti ya 320,000 ninaihitaji mwezi huu, wala si mwaka 2031, kwa sababu ndiyo bitana, zipu na nyuzi za nguo zote za Idi nilizokwisha kuchukua vipimo.

Nimenunua A55 leo asubuhi, IMEI imelingana na boksi, jibu la 15090 limerudi na jina lake, risiti ya EFD ninayo. Swali langu la mwisho ni kwa Fundi: ile betri iliyovimba fundi alinirudishia, nami nimeiweka kwenye kopo lenye mchanga nyuma ya nyumba. Niifanyeje?

Fundi Simu KK, 15 Machi 2025

Hongera, dada. Hapo kwenye mchanga ni mahali pazuri kwa sasa. Usiitoboe, usiichome pamoja na takataka, na watoto wasiifikie. Ukipata mtu wa kuja Kariakoo mpe pamoja na kopo lake, nitaiunganisha na nyingine ninazowakabidhi wanaokusanya taka za elektroniki. Na zile picha elfu kumi na moja zinakilie mahali pengine wiki hii, kwa sababu kadi nazo hufa, na hazitoi dalili kama betri.