Cheti cha kuzaliwa cha binti yangu na safari ya meli kutoka Galveston: naomba ushauri

MamaPendo_TX
Salamu kwenu nyote. Ninaishi Houston na binti yangu mwenye miaka 11. Nimelipia safari ya meli ya kitalii ya siku tano, inayoondoka Galveston, ikapitia Cozumel na Progreso huko Mexico, kisha ikarudi palepale Galveston. Zimebaki wiki saba. Nimesoma mahali pengi kwamba mtoto aliye raia wa Marekani hahitaji pasipoti katika safari ya namna hiyo, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa kinatosha. Cheti cha binti yangu kina kasoro ya majina, na ninashughulikia kupata kingine kilicho sawa. Ninachoomba kujua ni hiki: je, bandarini hutazama tarehe ambayo cheti kilitolewa, na je, cheti kipya kabisa kinaweza kuwatia shaka? Fedha za safari hazirudishwi, na usiku silali vizuri kwa kuwaza jambo hili.

BahariaMstaafu
Dada, shikamoo kwa walio wakubwa na salamu kwa wengine. Nimefanya kazi ya jikoni kwenye meli za kitalii kwa muda mrefu kabla ya kurudi Mombasa, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Utaratibu huo upo tangu tarehe 1 Juni 2009. Meli ikianzia na kuishia katika bandari ileile ya Marekani, raia aliyefikisha miaka 16 anaweza kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha, na mtoto wa chini ya umri huo kwa cheti peke yake. Hata hivyo ninakushauri uchukue pasipoti. Cheti kinakurudisha nyumbani kwa maji, hakikurudishi kwa ndege. Nimewaona kwa macho yangu watu waliochelewa sokoni Cozumel, wakafika gatini meli imekwisha kung'oa nanga, na bila pasipoti hawakuweza hata kupanda ndege ya kurudi Texas. Mtoto akiugua na kulazwa huko itakuwa vivyo hivyo.

DadaWaTampa
Nakubaliana na mzee wetu. Sisi tulifika bandarini Florida na kile cheti kizuri tulichopewa hospitalini, chenye alama za nyayo za mtoto, tukakataliwa, kwa sababu kile ni ukumbusho tu. Kinachotakiwa ni nakala iliyotolewa na ofisi ya vizazi ya jimbo au kaunti. Watoto walilia mpaka tukarudi kwenye maegesho. Mama Pendo, hakikisha chako ni cha jimbo la Texas, na uombe kile kirefu chenye majina ya wazazi, maana kile kifupi hakikubaliki hata kwa maombi ya pasipoti.

BabuWaNyegezi
Mwanangu, nitasema bila kuficha. Fedha hiyo ingetosha nauli ya kumleta mtoto amwone bibi yake. Watoto wetu wanaijua bahari ya Mexico, lakini hawajawahi kuvuka Ziwa Victoria kwenda Ukerewe, wala hawajala sato aliyevuliwa asubuhi. Meli utapanda mwakani. Bibi hana mwakani nyingi.

KaraniWaVizazi
Babu, hoja yako ina uzito, lakini mwenzetu ameuliza jambo jingine. Mama Pendo, niliwahi kufanya kazi ya usajili, na kuna maneno mawili hujayasema. Cheti hicho kimetolewa na mamlaka ipi, na kasoro hiyo ya majina ni ipi hasa? Kama ni herufi iliyokosewa, hilo ni jambo moja. Kama ni jina zima, hilo ni jambo jingine kabisa.

MamaPendo_TX
Cheti ni cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi wa Tanzania. Pendo alizaliwa Mwanza, akaja huku akiwa na miaka minne kwa grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, kwa kuwa nilishinda bahati nasibu ya visa naye nilimwandika kwenye fomu. Mimi niliapishwa kuwa raia mwezi Machi mwaka huu, na mwanasheria aliniambia kwamba mtoto amekuwa raia siku hiyohiyo. Kwa hiyo yeye ni raia na cheti anacho; sioni tofauti na mtoto aliyezaliwa Texas.

KaraniWaVizazi
Tofauti ipo, dada yangu, na ni kubwa. Mwanasheria alikueleza sawa. Kwa sheria ya uraia wa watoto iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001, mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grini kadi, anayeishi Marekani chini ya malezi ya kisheria ya mzazi wake aliye raia, huwa raia bila kuapishwa. Lakini cheti cha mtoto wa Texas kinathibitisha uraia kwa sababu kuzaliwa pale ndiko kunakompa uraia. Cheti cha RITA kinathibitisha kwamba Pendo alizaliwa Mwanza na wazazi fulani, basi. Hata kikiwa kipya, safi na bila kosa la nukta, ofisa wa mpakani hatausoma uraia wa Marekani humo. Kwa hiyo swali la tarehe ya cheti halikusaidii.

Anachohitaji ni pasipoti ya Marekani. Utapeleka fomu DS-11, cheti chake cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba wewe ni mama yake, cheti chako cha uraia, na grini kadi yake. Cheti cha uraia cha mtoto mwenyewe, kile cha fomu N-600, nacho kipo, lakini ada yake inazidi dola 1,000 na husubiriwa kwa miezi. Pasipoti ya mtoto ni dola 100 na 35 za kupokelea maombi, na ukiongeza 60 inaharakishwa. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, na ya haraka wiki 2 hadi 3. Zikibaki siku 14 kabla ya safari, unaweza kuomba miadi katika ofisi ya pasipoti iliyopo hapohapo Houston. Muda unao.

Mzaramo_Dallas
Kwa nini asitumie grini kadi yake tu na kuacha mambo mengine? Wangapi wanapita nayo?

KaraniWaVizazi
Kwa sababu tangu Machi yeye si mkaazi tena, ni raia, na raia anatakiwa kuingia Marekani kama raia. Tena kampuni nyingi za meli zitamtaka mwenye grini kadi aonyeshe pia pasipoti ya nchi yake. Mama Pendo, pasipoti yake ya Tanzania ingali hai? Na hujanijibu kuhusu majina. Ninauliza kwa sababu mtoto wa chini ya miaka 16 huombewa pasipoti na wazazi wote wawili. Asiyeweza kufika hutia sahihi ridhaa, fomu DS-3053, mbele ya mthibitishaji. Baba yake yupo?

MamaPendo_TX
Ya Tanzania imekwisha muda. Kuhusu baba, ndiyo, jina lake limo kwenye cheti, na hiyo ndiyo kasoro niliyoitaja. Yupo Mwanza. Tangu tulipoachana hajatuma hata ya daftari. Mtoto nimemlea peke yangu, nikifanya kazi za usiku katika nyumba za wazee, na sitaki kumpigia magoti mtu wa namna hiyo ili binti yangu apande meli. Nilikuwa ninafahamu kuhusu pasipoti, na nilifahamu kuhusu sahihi yake. Ndiyo sababu nilizungumza na kijana mmoja wa Dar es Salaam ambaye anasema anaweza kunipatia cheti kipya kisicho na jina la baba, na nusu ya fedha nimekwisha kumtumia. Wapo wanawake wengi ambao vyeti vya watoto wao vina jina la mama peke yake, na hakuna anayewauliza. Sidanganyi kuhusu malezi. Ninaandika hali ilivyo.

DadaWaTampa
Ninakuelewa kuliko unavyodhani. Mimi pia nimewahi kuombwa ridhaa ya mtu ambaye hakujua hata mtoto anavaa kiatu namba ngapi. Inauma sana kuona karatasi inamheshimu mtu aliyekimbia.

BabaWaKambo77
Mimi nazungumza kutoka upande wa pili. Watoto wangu wako Minnesota na mama yao, na kwa miaka mingi nimesikia kwamba mimi ni baba niliyetoroka. Nilitafuta namba zao, nikatuma barua, zikarudi. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa Mama Pendo. Ninasema kwamba siku wanangu watakapoomba vyeti vyao na kukuta jina langu halimo, hakuna atakayeweza kuwaeleza kwamba niliwahi kuwabeba.

KaraniWaVizazi
Nawaheshimu nyote wawili, lakini naomba turudi kwenye karatasi, kwa sababu hapo ndipo hatari ilipo. Mama Pendo, ulipoomba visa uliwasilisha cheti cha kwanza, chenye jina la baba. Nakala yake imo kwenye jalada la Pendo katika Idara ya Uhamiaji ya Marekani. Ukiwapelekea cheti cha pili cha mtoto yuleyule, tarehe ileile, bila baba, utakuwa umewapa wao wenyewe ushahidi kwamba hati moja kati ya hizo mbili ni ya uongo. Hawatauliza kuhusu pasipoti tu. Watauliza kuhusu visa yake, na kuhusu visa yako, na kuhusu kiapo ulichokula Machi, kwa kuwa uraia uliopatikana kwa maelezo ya uongo unaweza kufutwa.

Kwa upande wa nyumbani pia, mtoto husajiliwa mara moja. RITA ina uhakiki wa vyeti kwa njia ya mtandao, ule ambao waombaji wa mikopo ya elimu ya juu wanaufahamu, na cheti ambacho hakimo kwenye daftari hubainika mara moja. Wanawake uliowataja, ambao vyeti vya watoto wao vina jina la mama peke yake, walisajili hivyo tangu mwanzo. Hiyo ni haki yao na ni kweli tupu. Wewe unataka kufuta jina lililokwisha andikwa, na hilo halifanywi na kijana mwenye simu. Fedha uliyotuma ihesabu kuwa imekwenda.

MchunguziHuru
Samahani, lakini nina shaka na habari hii yote. Mtoto mdogo hawezi kutoka Tanzania kwa visa ya kuhamia Marekani bila baba aliyeandikwa kwenye cheti kuridhia. Sasa baba huyu asiyetuma hata ya daftari aliridhia vipi? Tena mwanzoni dada alisema kasoro ndogo ya majina, sasa ni jina la mtu mzima. Ninaogopa kwamba huu ni uzi wa kutangaza biashara ya huyo kijana wa Dar es Salaam, na baada ya siku mbili mtu mwingine atakuja kuuliza namba yake.

Mzaramo_Dallas
Nami nilitaka kuuliza hilo. Namba hiyo isiwekwe hapa kabisa.

MamaPendo_TX
Sijaweka namba ya mtu na sitaiweka. Mnanihukumu bila kunijua. Baba yake aliridhia kwa sababu wakati ule tulikuwa bado tunasalimiana. Alikuja mwenyewe Dar es Salaam kwa basi, akaenda kwa wakili, akaapa kiapo cha kuniruhusu kuondoka na mtoto, na fomu ya pasipoti ya mtoto akaitia sahihi pia. Uwanja wa ndege alitusindikiza. Baada ya hapo ndipo mambo yalipoharibika, alipooa na mimi nikaacha kupokea simu zake. Kiapo hicho bado ninacho kwenye bahasha. Anayetaka kuamini aamini.

BibiArusi_Tanga
Mama Pendo, mimi nakuamini. Lakini soma tena ulichoandika sasa hivi. Mtu huyu alipanda basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ili binti yake aende Marekani, nawe umesema mwenyewe kwamba wewe ndiye uliyeacha kupokea simu. Huenda ni mtu mgumu, na matumizi ya mtoto ni deni analopaswa kulilipa. Lakini aliwahi kuombwa sahihi moja akaitoa, na hujasema popote kwamba umemwomba hii ya pili akakataa.

MchunguziHuru
Kama kiapo kipo, naondoa neno langu kuhusu biashara. Nakiri kwamba mtunzi wa uongo asingekumbuka basi.

KaraniWaVizazi
Kiapo hicho cha zamani hakitatosha kwa maombi haya, kwa kuwa ridhaa ya DS-3053 haitakiwi kuzidi miezi mitatu tangu itiwe sahihi, lakini kitunze sana. Ipo pia fomu DS-5525 kwa mzazi ambaye mwenzake hapatikani kabisa. Usiitumie kama namba yake unayo, kwa sababu humo utaapa kwamba umemtafuta.

MamaPendo_TX
Sikumwomba. Namba yake ninayo. Nimekaa siku nzima bila kuwajibu kwa sababu nilimwandikia dada yake kwanza, kisha nikamwandikia yeye. Hakunitukana. Ameuliza Pendo ana urefu gani sasa, na kama bado anaongea Kiswahili, na akasema atatia sahihi, ila hataki kusikia habari ya mimi kubadilisha cheti, kwa kuwa dada yake alikwisha kumwambia. Bado nina hasira naye kuhusu matumizi, na nitamwambia, lakini si katika jambo hili. Kijana wa Dar es Salaam nimemwambia aache, hajajibu. Sasa nieleweshwe: je, baba anaweza kutia sahihi Mwanza kwa wakili, akanitumia picha kwa simu?

KaraniWaVizazi
Picha ya simu haitoshi. Njia iliyo salama ni achukue miadi ya uthibitishaji katika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, aende na fomu bila kuitia sahihi, kwa kuwa sahihi huwekwa mbele ya ofisa. Abebe kitambulisho chake pamoja na nakala ya pande zote mbili, kisha akutumie fomu yenyewe na nakala hiyo kwa kampuni ya vifurushi, si kwa mtu anayesafiri. Majina kwenye fomu yafanane herufi kwa herufi na cheti cha RITA. Nauli ya kutoka Mwanza, ningekuwa wewe, ningemtumia leo. Chukua miadi ya kupeleka maombi yako huku Houston kabla bahasha haijafika, na ulipie ile ya haraka.

BahariaMstaafu
Na kampuni ya meli uiandikie sasa, uwaulize hadi tarehe ipi wanakubali taarifa za pasipoti kuingizwa kwenye tiketi. Wengi hukubali hadi karibu na siku ya kuondoka, lakini jibu lao liwe kwa maandishi.