Mjadala (kiangazi cha 2025): Buffalo Sabres, timu ya hoki ya barafu, misimu 14 bila mtoano. Tatizo ni wachezaji, kocha au mwenye timu?

Mleta mada, Buffalo

Wakuu, salaam. Tarehe 17 Juni 2025 Florida Panthers wamebeba Kombe la Stanley mara ya pili mfululizo, na mechi iliyomaliza ubishi dhidi ya Edmonton iliisha 5–1. Magoli 4 kati ya hayo 5 yalifungwa na mtu mmoja, Sam Reinhart. Huyu alikuwa wetu. Tulimchagua wa pili katika drafti ya 2014 (timu zinapochagua makinda wapya kwa zamu), tukamlea, na 2021 tukampeleka Florida wenyewe. Kabla Juni haijaisha uongozi ukampeleka JJ Peterka Utah, kijana wa miaka 23 aliyetoka kutupa pointi 68, yaani magoli na pasi za magoli. Inauma, na naomba tujadili kwa hoja.

Kwa wanaofuatilia hoki ya barafu kwa mbali: ligi ya NHL ina timu 32, na 16 huingia hatua ya mtoano. Nusu nzima. Hadi msimu wa 2024–25 Sabres haikuwa imeingia tangu 2011. Misimu 14, na hakuna timu nyingine katika historia ya ligi hiyo iliyowahi kukaa nje muda wote huo. Rekodi ya zamani ilikuwa misimu 10. Hakuna kushuka daraja. Ukivurunda unapata nafasi nzuri ya kuchagua kinda bora katika drafti, ili kesho na wewe upande. Katika misimu hiyo sisi tumechagua wa kwanza mara 2, Rasmus Dahlin 2018 na Owen Power 2021, na wa pili mara 2, Reinhart na Jack Eichel. Bado tuko pale pale.

Kila msimu ukiharibika tunatafuta mchawi, na mchawi huwa kocha. Lindy Ruff alitimuliwa Februari 2013. Wakaja Ron Rolston, Ted Nolan, Dan Bylsma, Phil Housley, Ralph Krueger na Don Granato, kisha Aprili 2024 akarudishwa Ruff yule yule. Bylsma alifika akiwa ameshatwaa kombe na Pittsburgh 2009. Housley alikuwa beki gwiji wa klabu hii. Watu 7 wa aina tofauti kabisa, matokeo yaleyale. Aliyekuwepo muda wote ni Terry Pegula, aliyeinunua timu Februari 2011.

Sasa angalieni waliotoka. Ryan O'Reilly, baada ya sisi kuburuta mkia 2018, alisema wazi kwamba timu imezoea kufungwa na kwamba kuna nyakati yeye mwenyewe alipoteza mapenzi na mchezo. Akapelekwa St. Louis Julai mwaka huo huo. Juni 2019 akabeba kombe na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Linus Ullmark, kipa, mkataba uliisha 2021 akaenda Boston. 2023 akawa kipa bora wa ligi. Msimu huo wa 2022–23 sisi tulimaliza na pointi 91, Florida 92. Pointi moja ikatuacha nje, Florida wakaenda hadi fainali. Fainali ikawa Florida ya Reinhart na Brandon Montour dhidi ya Vegas ya Eichel. Wote watatu walipita hapa.

Wachezaji wanaozomewa Buffalo wakivuka mpaka wa jimbo wanakuwa mabingwa. Kwa hiyo mimi nasema tatizo ni nyumba, si wapangaji. Karibuni.

Mchangiaji, Toronto

Kaka, nakuheshimu lakini unawapaka wachezaji mafuta. Tarehe 3 Desemba 2024, Colorado walikuja KeyBank Center, uwanja wa Sabres. Kipindi cha kwanza kikaisha Sabres wanaongoza 4–0. Nyumbani, mashabiki wamesimama. Mechi ikaisha 5–4, wameshinda Colorado. Pegula aliingia barafuni usiku ule? Niliitazama yote. Baada ya goli la kwanza la Colorado uliona mabeki wanavyoanza kurudi nyuma, wanakipiga kisahani (ndicho kinachochezwa badala ya mpira) ukutani ovyo bila kuangalia kinaenda kwa nani, mtu anatoka kupumzika kabla mwenzake hajaingia. Huo ni uoga. Mechi hiyo ilikuwa sehemu ya mechi 13 bila ushindi, Novemba hadi Desemba.

Na hilo halikuwa mara ya kwanza. 2021 walicheza mechi 18 bila kushinda. Krueger alifukuzwa katikati ya balaa hilo na bado waliendelea kupoteza. Kocha kabadilika, mwenye timu kakaa kimya, waliobaki ni walewale wanaovaa viatu vya barafu. Power analipwa zaidi ya dola milioni 8 kwa mwaka. Mtu mrefu vile, mbona haogopwi na mtu mbele ya goli lake?

Mchangiaji, Nairobi

Salaam wote. Sisi huku tulijifunzia barafu pale Panari, uwanja mdogo, kwa hiyo mechi tunaangalia alfajiri kwa sababu ya saa. Mimi nitamtetea mleta mada nusu na nusu nitampinga.

Kocha naye ana mzigo wake. Ruff namheshimu, ndiye mwenye ushindi mwingi kuliko kocha yeyote wa Sabres, na New Jersey 2022–23 aliwapa pointi 112. Lakini New Jersey haohao walimfuta Machi 2024 kwa sababu timu ilikuwa inavuja nyuma. Anapenda mchezo wa kwenda mbele kwa kasi, mabeki wanapanda. Ukiwa na Tage Thompson anayefunga magoli 44 kwa msimu, inapendeza. Tatizo ni kisahani kikipotea katikati: mabeki wako juu, wapinzani wanakuja wawili kwa mmoja, kipa anaachiwa msalaba wake. Ukweli ni kwamba timu changa kama ile inahitaji mwalimu wa ulinzi kwanza. Vijana wa miaka 20 na 21 hawajui bado lini watulie.

Na hebu tuseme la kipa. Ukko-Pekka Luukkonen alipewa mkataba wa miaka 5 baada ya msimu mmoja mzuri. Msimu uliofuata, katika kila mashuti 100 alizuia chini ya 89. Wastani wa ligi ni kama 90. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kipa anapigwa mashuti kama 28 kila mechi, na mechi ni 82. Hapo ndipo pointi zinapotea.

Mleta mada, Buffalo

Ndugu wa Nairobi, nakubali la ulinzi, umeliona vizuri. Lakini jiulize kwa nini timu ni changa hivyo. Hilo kocha hakulipanga.

Rudini 2020. Juni mwaka ule Pegula alimfukuza meneja mkuu Jason Botterill, na siku hiyo hiyo wafanyakazi 22 wa kitengo cha hoki wakaonyeshwa mlango, wengi wao wakiwa wasaka vipaji. Kazi akapewa Kevyn Adams, ambaye hakuwahi kuwa meneja wa timu yoyote ya NHL. Sina ubaya naye kama mtu, ni kijana wa mitaa hii, na alibeba kombe akiwa mchezaji wa Carolina 2006. Lakini unapunguza macho yako, halafu unasema utajenga kwa drafti. Drafti ni macho!

Na wazee wako wapi? Kijana akikosea kipindi cha kwanza, akirudi kukaa benchi anahitaji mtu wa miaka 33 aliyeshacheza fainali amwambie tulia, zamu inayofuata fanya hivi. Timu zote zinazofika mbali wana watu wa namna hiyo. Sisi tulimpata Jason Zucker 2024, na ona tofauti aliyoleta mbele ya goli tukiwa na mtu mmoja zaidi, mpinzani akiwa ametolewa kwa adhabu. Mmoja tu! Ile 4–0 dhidi ya Colorado unayoitaja, kaka wa Toronto, ndiyo hasa ninachokisema. Watoto wameachwa peke yao nyumbani usiku.

Mchangiaji, Toronto

Dahlin ana misimu 7. Power ana misimu 3 kamili na zaidi. Thompson amevuka miaka 27. Hadi lini tutawaita watoto?

Mchangiaji, Las Vegas

Hodi. Mimi ni wa Vegas, kwa hiyo Eichel namjua upande wa pili. Nataka kuongeza jambo moja ambalo wengi wanalipita haraka.

Eichel aliumia shingo Machi 2021. Yeye na madaktari wake walitaka apandikizwe diski bandia, upasuaji ambao hakuna mchezaji wa NHL aliyekuwa ameufanya. Sabres walitaka aunganishwe mifupa ya shingo. Kwa mkataba wa ligi na wachezaji, timu ndiyo yenye neno la mwisho kwenye matibabu. Miezi ikapita, mtu ana maumivu, hachezi. Septemba wakamvua unahodha. Novemba wakampeleka kwetu, na wao wakapata Alex Tuch, Peyton Krebs na nafasi za drafti. Sisi tukamruhusu apasuliwe alivyotaka siku chache baadaye. Februari 2022 yuko barafuni. Juni 2023 anaongoza mtoano mzima kwa pointi 26 na kombe mkononi.

Sisemi Sabres walikuwa na nia mbaya. Ni hofu ya kisheria na ya kitabibu, naielewa. Lakini kila wakala wa wachezaji alikuwa anatazama. Mchezaji mwenye haki ya kuikataa timu fulani anapoandika orodha yake, unadhani haikumbuki ile miezi?

Mchangiaji, Minneapolis

Desemba 2024 Adams alipoulizwa kwa nini wachezaji wakubwa hawaji, alisema Buffalo hakuna minazi na kodi za New York ni kubwa. Mashabiki wakaanza kuja uwanjani na minazi ya plastiki. Mimi hapo sikumwelewa kabisa. Minnesota kuna minazi? Winnipeg kuna minazi? Winnipeg msimu wa 2024–25 waliongoza ligi nzima kwa pointi, na baridi yao ni ya kuua. Watu wanakwenda kwenye timu inayoshinda na kushindana, na inayowaheshimu.

Ila, mleta mada, Pegula pesa ametoa. Jeff Skinner alipewa mkataba wa miaka 8, dola milioni 9 kila mwaka, na 2024 wakamlipa aondoke. Ubahili si tatizo lake.

Mleta mada, Buffalo

Dada, wala mimi sijasema bahili. Nimesema hajui anachokijenga, na kila baada ya miaka mitatu anabomoa msingi aanze upya. Pesa za Skinner zinathibitisha.

Kaka wa Toronto, nikujibu la uoga, kwa sababu hilo ndilo linaniuma zaidi. Uoga ule ulipandwa. Msimu wa 2014–15 timu ilivunjwa makusudi ili imalize mwisho na kumpata Connor McDavid, kinda aliyetarajiwa kuwa wa kwanza katika drafti. Tarehe 26 Machi 2015 Arizona, timu nyingine mbovu kama sisi, walikuja hapa. Mechi ikaingia muda wa ziada, Arizona wakafunga, na mashabiki wa Buffalo, ndani ya uwanja wao, wakashangilia. Waliokuwa barafuni wamevaa jezi yetu walisikia. Kura ya kuamua timu ipi ichague kwanza ikachezeshwa, McDavid akaenda Edmonton. Tulifundisha klabu nzima kwamba kupoteza ni mpango, na hatukupata hata kile tulichokipangia.

Sisi Wakongo na Warundi wa huku mtaa wa West Side, Buffalo, wengi tuliukuta mchezo huu hapa hapa. Tulifika majira ya baridi, watoto wakaujua shuleni, wakatuvuta na sisi. Mwanangu wa kwanza alizaliwa timu ikiwa tayari nje ya mtoano. Yuko darasa la saba sasa. Hajaona mechi ya mtoano hata moja katika mji huu, na kila asubuhi ya baridi anavaa kofia ya Sabres kwenda shule bila aibu. Ndiyo maana sitaki kusikia tena kocha afukuzwe tukadhani tumefanya kazi.

Mchangiaji, Nairobi

Basi tupe kipimo, mkuu. Utajuaje kwamba nyumba imebadilika?

Mleta mada, Buffalo

Tuch. Mkataba wake unaisha kiangazi cha 2026. Ni mtoto wa Syracuse, kakua akiishabikia timu hii, anataka kuwepo hapa na anacheza hivyo kila usiku, mbele na nyuma. Asipobaki huyo kwa sababu ya kuvutana bei, hakuna atakayebaki. Cha pili, nataka mtu mzoefu aliyewahi kuendesha timu iliyofika mtoano, apewe mamlaka juu ya hoki yote, na Pegula asimwingilie. Cha tatu kipa wa pili wa kuaminika, Luukkonen asichezeshwe hadi achoke.

Ruff mwacheni.

Mchangiaji, Toronto

La Tuch tumeelewana. La kipa pia. Ila mimi nitamtazama Dahlin. Yeye ndiye nahodha tangu Oktoba 2024, na nahodha ndiye mtu wa kwanza kubisha mlango wa meneja timu ikipoteza mechi ya tano, kabla haijafika ya kumi na tatu. Josh Doan na Michael Kesselring waliokuja kwa Peterka ni watu wa kugongana na kuzuia, wasiopambwa na magazeti. Wakiwekwa pamoja naye na bado tukaongoza 4–0 tukapoteza, utaniambia tena ni Pegula?

Mleta mada, Buffalo

Nitakuambia ni nani aliyewachagua wote. Tukutane hapa Oktoba ligi ikianza.